Kengele Unaisikia, Barabara Je?

Haya niliyasema Jumamosi moja baada ya Alasiri, mbele ya wanachama wa vikundi vya akiba wanaojiandaa kununua nyumba hapa Mombasa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale feni ilipozimika tukabaki tunajipepea kwa makaratasi ya ajenda.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mlioegemea mlango huko nyuma mkingojea nimalize mwende zenu, hamjambo?

Mwenyekiti wenu alinipigia simu akaniambia, "Mwalimu, njoo utuambie shule nzuri za serikali ni zipi hapa Mombasa, ili watu wajue wanunue mtaa gani." Nikamwambia nitakuja, lakini orodha sileti. Orodha nitakayowapa leo, nyinyi mtakuwa hamjamaliza hata kulipa mkopo wa miaka miwili ishaoza. Na wengi wenu hapa mnakopa kwa miaka kumi na tano.

Mimi nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 31, zote humu humu, kisiwani na ng'ambo ya Nyali. Nyumba nimenunua mara moja tu, na mara hiyo moja nilikosea. Afadhali nianze na kosa langu kabla sijaanza kuwaelekeza nyinyi.

Ilikuwa 1998. Tulikuwa tumepanga Majengo, vyumba viwili, mume wangu kibarua bandarini, na binti yetu wa kwanza yuko darasa la pili. Dalali akatupeleka Kisauni, karibu na barabara ya Malindi. Nyumba ilikuwa ya mawe, ina kisima na mwembe uani. Mimi jicho langu la ualimu likauliza shule. Dalali akacheka, akaniambia, "Mwalimu, shule hiyo hapo. Kengele utaisikia ukiwa kitandani." Na kweli, tulipokuwa pale barazani kengele ikalia, ile ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, ngaa, ngaa, ngaa. Shule yenyewe wakati huo ilikuwa na sifa. Nikamtazama mume wangu, akanitazama. Tukanunua.

Jumatatu ya kwanza nikamshika binti yangu mkono tukaifuata kengele. Dakika nne tukafika kwenye lami, na shule ikawa ng'ambo. Hapakuwa na daraja la miguu, wala matuta, wala askari. Matatu zinashindana kufika stejini, malori yanatoka Malindi hayajui hata kama pale kuna watoto. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko tuliotembea.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja aliyeuza mahamri na mbaazi kando ya lami. Kila asubuhi alikuwa akiacha karai lake, anawapanga watoto foleni, anainua mwiko juu kama askari wa trafiki, na magari yanasimama. Wallahi yalisimama. Binti yangu alinunua hamri moja kila siku, apende asipende, kwa sababu niliona haya mama yule atuvushie mtoto bure. Siku mama yule akiumwa, nusu ya watoto wa upande wetu hawaendi shule. Hivyo ndivyo nilivyonunua nyumba iliyotegemea afya ya muuza mahamri.

Hayo ya barabara bado ni nusu tu ya kosa. Baada ya mwaka na nusu mwalimu mkuu akahamishwa. Alikuwa mtu wa kufika kabla ya bawabu, na sifa yote ya shule ile ilikuwa mikononi mwake. Aliyekuja badala yake sitamsema. Alikuwa mtu mwema mwenye biashara nyingi. Mihula mitatu tu, walimu wawili hodari wakaomba uhamisho, na mimi nikawa nimebaki na mkopo wa nyumba, kengele naisikia, shule niliyoinunulia nyumba haipo tena.

Ndiyo maana naanza na neno hili: nyumba ni ya miaka thelathini, mwalimu mkuu ni wa miaka michache. TSC, tume inayoajiri na kuhamisha walimu, haiulizi nani amenunua ploti karibu na shule kabla ya kumhamisha mtu. Ukitaka kupima shule kwa ajili ya kununua nyumba, tenganisha mambo mawili. Kuna yale yanayohamishika: mwalimu mkuu, alama, sifa, idadi ya watoto darasani. Na kuna yale yasiyohamishika: njia, ardhi ya shule, maji, na mtaa unaoizunguka. Watu wengi hulipa pesa kwa yanayohamishika.

Sasa, najua wazo hili la kununua nyumba kwa ajili ya shule limetoka wapi. Tuna ndugu nje. Mpwa wangu yuko Marekani, jimbo la Minnesota, na aliponunua nyumba huko alijua kabla ya kutia saini mtoto wake atasoma shule gani ya serikali. Huko kuna mpaka uliochorwa. Nyumba ya upande huu wa barabara ina shule hii, ya upande ule ina nyingine. Tena shule nyingi za Marekani hupata sehemu kubwa ya pesa kutoka kwenye kodi ya majumba ya pale pale, basi mtaa ukiwa wa matajiri, na shule nayo hunenepa. Mwaka 1999 mchumi mmoja anayeitwa Sandra Black alitoa utafiti wake wa Massachusetts. Alichukua nyumba zilizo karibu karibu lakini mpaka wa shule umepita katikati yao, akalinganisha bei. Mtaa ni ule ule, tofauti ni shule. Akakuta kwamba shule ikizidi mwenzake kwa asilimia 5 katika alama za mtihani, wazazi wako radhi kulipia nyumba asilimia 2.5 zaidi. Huko basi, unaponunua nyumba, shule imo ndani ya bei kama vile madirisha.

Hapa kwetu haimo. Hakuna mstari uliochorwa. Hatimiliki yako haimpi mtoto wako dawati. Utaenda ofisini kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa kama mtu aliyepanga chumba kimoja, na atakuangalia kama ana nafasi. Pesa nazo hazitoki mtaani kwako. Serikali kuu hutoa mgao wa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, awe Nyali awe Likoni, na mimi niliyekaa ofisini nikiungojea mgao huo najua jinsi unavyochelewa. Zile ada za ardhi unazolipa kaunti hazinunui chaki ya darasa la tatu. Katiba ya 2010 imeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini. Shule ya msingi na walimu wake ni mambo ya Nairobi.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Nunua Nyali, huko shule nzuri," muulize shule zipi. Wengi wenye majumba ya Nyali watoto wao wako akademi za kulipia. Watoto wanaojaza shule za serikali za upande ule ni wa Kongowea, wa Maweni, wa mabawabu na wasaidizi wa nyumba. Mimi nimewafundisha, ni watoto wazuri, lakini ile bei ya nyumba wala haikuwagusa. Bei ya Nyali ni bahari, lami na walinzi. Ukiweza kuilipa, lipa ufurahie upepo, ila usijidanganye kwamba umelipia na shule ya serikali. Na kinyume chake ni kweli: nimeona shule za serikali zenye walimu wa maana kabisa katikati ya mitaa ambayo madalali wanaitaja kwa sauti ya chini.

Haya, twende kwenye alama, maana naona mama pale mbele ana gazeti la zamani mkononi, na nadhani najua limefunguliwa ukurasa gani.

Zamani tulikuwa na orodha. Matokeo ya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, yakitoka, shule zinapangwa namba moja hadi ya mwisho, watu wanabebwa mabegani. Serikali ilipiga marufuku orodha zile mwaka 2014. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023. Lakini sifa haifi haraka. Bado watu wananunua ploti kwa alama za wakati wa Moi. Na mimi niliyekuwa ndani niwaambie, alama zile zilikuwa na mapishi. Kulikuwa na shule ambazo mtoto dhaifu hakufika darasa la nane. Alirudishwa la saba, au mzazi alishauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Wastani ukapanda. Shule haikufundisha zaidi, ilichagua zaidi.

Hata kwa zile shule kubwa za kitaifa tunazoziota. Watafiti wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, mwaka 2014 walichapisha kazi yao juu ya shule za sekondari za Kenya. Waliwatazama watoto waliopita kwa alama chache wakaingia shule za kitaifa, na wenzao waliokosa kwa alama chache wakaenda kwingine. Watoto hao walikuwa sawasawa, kilichowatenganisha ni bahati. Miaka minne baadaye, kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hawakuona ushahidi wa maana kwamba waliopata shule ya jina walifanya vizuri zaidi. Shule ile iling'aa kwa sababu ilipokea watoto waliokuwa tayari wanang'aa. Sisemi shule zote ni sawa. Nimefundisha muda mrefu mno kusema hivyo. Nasema alama za shule hukuonyesha kwanza nani ameingia, na baada ya hapo ndipo zinakuonyesha kidogo alichofanyiwa.

Basi mzazi apime nini? Nyumba njema si mlango, ndivyo tulivyofundishwa, fungua uingie ndani. Na shule vivyo hivyo, hasa siku hizi ambapo geti linapakwa rangi na ukutani wanachora Mickey Mouse.

Nenda Jumanne. Jumatatu kuna gwaride na kila mtu amevaa vizuri, Ijumaa watu wanawahi msikitini na wengine wanawahi nyumbani. Jumanne, kwenye saa nne, wakati wa mapumziko. Simama ununue kashata nje ya geti, ongea na muuzaji. Yule anajua walimu wanafika saa ngapi kuliko hata mwalimu mkuu. Halafu ingia, uombe kuonyeshwa vyoo. Najua mnacheka. Mwalimu mkuu anayekupeleka chooni bila kusitasita ana shule yake mkononi. Tazama kama kuna maji. Mji huu tunaujua, mfereji unatoka siku utakayo wenyewe. Shule isiyo na tangi wala kisima, wasichana wakubwa hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi na hakuna rekodi itakayokuambia kwa nini.

Halafu tafuta daftari.

Hili nataka nilitulie kidogo. Mwaka jana vijana wawili, mume na mke, wanachama wa kikundi kimoja hapa, waliniomba niende nao kuangalia nyumba upande wa Kisauni. Nyumba ilikuwa nzuri. Nikawaambia tusiende shuleni kwanza, twende kwa jirani. Tukamkuta mama anatia viazi vya karai unga, mwanawe wa Gredi 6 yuko pembeni. Nikamwomba mtoto daftari la hisabati. Lilikuwa limefunikwa karatasi ya kalenda ya mwaka juzi. Kurasa za mwanzo wa muhula zina wino mwekundu, vyema, alama za tiki, tarehe, hata neno "jitahidi." Kisha wino ukatoweka. Nikafunua, nikafunua. Kurasa kumi na moja, kijana anajumlisha sehemu, na kila mahali amefanya jambo moja: ameongeza juu kwa juu na chini kwa chini. Nusu ukijumlisha na theluthi, yeye amepata mbili juu ya tano. Nadhifu kabisa, amepiga na mstari kwa rula.

Mtoto yule si mjinga. Alitunga kanuni yake akaifuata kwa uaminifu kurasa kumi na moja, na hapakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyemwambia kwamba ukikata mkate nusu, ukaongeza kipande kingine, huwezi kubaki na chini ya nusu. Sikumlaumu mwalimu wake kabla ya kumwona. Nimewahi kuwa na daftari tisini mezani na taa imekatika. Lakini kama mzazi anayetaka kununua nyumba pale, daftari lile lilitosha. Tulipouliza, tukaambiwa mwalimu wa hisabati alihama na nafasi yake haijajazwa tangu Mei.

Daftari moja halitoshi, tazama matatu, ya watoto wa familia tofauti. Ukikuta yote matatu wino mwekundu unafika hadi wiki iliyopita, hata kama kuta za shule hazina plasta, mimi ningeanza kuuliza bei ya ploti.

Naona mkono. Ndiyo, baba. Anauliza: "Mwalimu, umesema walimu na idadi ya watoto ni vitu vya kubadilika. Sasa mbona unatuambia tuvipime?" Swali zuri, na amenishika. Nitajibu hivi. Daftari linakuambia kama utaweza kuishi pale miaka mitatu ya kwanza. Yale yasiyohamishika yanakuambia kama utaweza miaka kumi na moja. Na nasema kumi na moja kwa sababu.

Zamani mtoto alikaa shule ya msingi miaka minane. Sasa hesabuni. Chekechea miaka miwili, ambayo mara nyingi iko ndani ya ua wa shule ya msingi. Msingi miaka sita. Halafu tangu Januari 2023 sekondari msingi, yaani Gredi 7 hadi 9, nayo imewekwa pale pale. Mtoto anaweza kuingia geti moja ana miaka minne na kutoka ana kumi na tano. Jambo hili limeongeza thamani ya kuwa karibu na shule kuliko kitu chochote nilichokiona katika kazi yangu, na madalali bado hawajalitia kwenye hesabu.

Tuihesabu sisi. Tuseme nyumba iko mbali na shule, unahitaji tuktuk, Sh50 kwenda na 50 kurudi. Watoto wawili ni Sh200 kwa siku. Siku za shule tuweke 180 kwa mwaka, inakuwa Sh36,000. Mara miaka 11, Sh396,000. Karibu laki nne, na hapo nimechukulia nauli haitapanda hata shilingi moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Mombasa. Ile ploti ya ndani kule iliyokuwa rahisi kwa laki tatu, imeshakuwa ghali.

Na ukisema shule ya serikali ya hapo haifai, nitawapeleka akademi ya karibu, sawa, hesabu pia. Akademi ya kawaida kabisa ya mtaani, tuseme Sh15,000 kwa muhula. Watoto wawili, mihula mitatu, Sh90,000 kwa mwaka. Kwa miaka tisa ya Gredi 1 hadi 9 ni Sh810,000. Hiyo ni sehemu ya bei ya nyumba yako ingawa haimo kwenye makubaliano ya kuuziana. Sikatazi. Wako waliofanya hivyo wakafanikiwa. Nakataza kuigundua baada ya kutia saini.

Kuhusu ardhi ya shule. Ilipokuja elimu ya bure, Januari 2003, mimi nilikuwa nimefunga mwaka na watoto 48 darasani. Shule zilipofunguliwa nikahesabu 97. Walikaa madirishani. Nilifurahi kuwaona, wengine walikuwa na miaka kumi na mbili na hawajawahi kushika kalamu. Lakini waliokuwa wamenunua nyumba kwa ajili ya darasa la watoto 48 hawakurudishiwa pesa. Mwaka 2023 ilipokuja sekondari msingi mambo yakawa yale yale. Shule iliyokuwa na uwanja ilipata pa kujenga. Iliyobanwa na maduka pande zote iligawanya madarasa kwa mbao, na maabara ikawa kabati. Basi tazama uwanja. Uliza kama shule ina hatimiliki yake, maana shule nyingi za umma hazina, na ardhi isiyo na hati ina wapenzi wengi. Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa sababu walisukuma ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao. Hapa Pwani hatuhitaji kwenda Nairobi kutafuta mifano, lakini nimeahidi kutotaja mtu.

Na ya kwako mwenyewe hati, nisisahau. Mombasa ndiyo mahali mtu anakuuzia nyumba bila ardhi iliyo chini yake. Wenyeji tunajua, wageni wanashangaa: kuta zako, udongo wa mwingine, na kodi ya udongo unalipa kila mwezi kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona. Fanyeni utafutaji kwenye ofisi ya ardhi kabla hata hamjaniuliza habari za shule. Yupo wakili atakayekuja kuwaeleza hayo mwezi ujao, simwibii kazi.

Likoni. Najua wako watu wa Likoni hapa, na ploti za huko zinawavutia. Feri haimtozi shilingi mtu wa miguu, lakini inamtoza muda. Kama shule uliyoiwazia iko kisiwani na nyumba iko Likoni, mpeleke mtoto wako kwenye feri Jumatatu ya mvua, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukae naye kule chini kwenye umati, ndipo uamue. Njia ya Dongo Kundu, ile isiyopita kwenye feri, imefunguka, ni kweli, ila hiyo ni ya mwenye gari na mafuta. Anayenunua Likoni anunue na shule ya Likoni. Na kama una mtoto asiyeona, basi kwako mambo yamegeuka: shule ya vipofu iko Likoni hiyo hiyo, kama vile shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo ilivyo Port Reitz. Mzazi wa mtoto huyo haanzi na nyumba, anaanza na shule, halafu anatafuta nyumba ukutani mwake.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye makaratasi ya benki halimo. Chuo, yaani madrasa. Mtoto wa Kiislamu hapa ana shule mbili. Akitoka ya serikali saa tisa na kitu, ale, aoge, awe madrasa baada ya Alasiri, arudi kabla ya Magharibi haijaingia sana. Nyumba ikiwa saa nzima kutoka shuleni, kimojawapo kitakatika, na mara nyingi kinachokatika ni chakula. Nimefundisha watoto waliosinzia saa tano asubuhi, ukimuuliza ulikula nini jana jioni anakuambia "nilichelewa."

Wenye watoto wanaokaribia Gredi 10, nanyi mnisikilize. Sekondari pevu imeanza kupokea wanafunzi Januari 2026. Kwenye kuchagua, kati ya shule 12 anazojaza mtoto, tatu ni za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani. Yaani kaunti ndogo unayoishi, iwe Mvita, Jomvu, Changamwe, Kisauni, Nyali au Likoni, ina neno rasmi katika safari ya mtoto wako. Nenda katazame hizo za kutwa. Uliza zinafundisha mikondo gani, sayansi au sanaa au vyote, na uombe kuona maabara ikiwa imefunguliwa, usionyeshwe kufuli.

Nimalizie na wale vijana wangu wawili wa Kisauni, maana mmeniuliza kama walinunua. Ile nyumba ya daftari waliiacha. Wakapata nyingine, ndogo zaidi, haina baraza, upande wa Mtopanga. Wino mwekundu unafika hadi wiki iliyopita, uwanja upo, vyoo nimevikagua mwenyewe. Dalali ameshika simu anawaharakisha, anasema kuna mtu wa Nairobi anakuja na pesa taslimu. Huyo mtu wa Nairobi nimemsikia tangu 1998. Wako karibu kutia saini. Nimewaomba siku moja tu. Keshokutwa, Jumatatu, tunakutana stejini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wao na mtoto wao wa miaka minne, na mimi na viatu vyangu vya raba. Tutatoka mlangoni pa ile nyumba hadi getini kwa shule, kwa mwendo wa mtoto. Nataka kuona kama kuna lami njiani, na kama ipo, nani anauza mahamri.